Mwamba Haupokei Amri

Uhandisi wa migodi umejifunza mengi kwa gharama ya roho za watu. Hata leo, kiongozi wake hupimwa siku anapolazimika kusema: leo hatushuki.

Ukishuka duarani, yaani katika shimo la wachimbaji wadogo, kwa mara ya kwanza, giza halikushangazi, maana ulilitarajia. Linalokushangaza ni jinsi watu wanavyosikiliza. Miaka kadhaa iliyopita niliteremshwa kwa winchi katika duara moja mkoani Geita, mguu mmoja ndani ya kitanzi cha kamba, mgongo ukikwaruza matimba yaliyopangwa kushikilia kuta. Nilidhani nikifika chini nitakuta vumbi na kelele za nyundo. Nikakuta kimya.

Mzee aliyekuwa msimamizi alikuwa ameshika mtaimbo. Akainua uso kuelekea dari, akagonga. Mwamba ukalia mlio mwembamba kama wa kengele. Akasogea hatua mbili, akagonga tena, mlio ukawa uleule. Akasogea mara ya tatu. Hapo sauti ikabadilika, ikawa nzito, ya tumboni, mfano wa ngoma iliyolegea ngozi. Vijana wote wakarudi nyuma bila kuambiwa neno.

Baadaye alinieleza kwamba jiwe lililoshikamana na mlima hulia kama chuma. Jiwe lililokwisha kuachana na wenzake hulia kama ngoma, kwa sababu nyuma yake pameingia uwazi. Basi akasimamisha kazi. Kwa karibu saa nzima hakuna aliyechimba. Walikuwa wakilinyemelea jiwe lile kutoka pembeni, wakilichokonoa kwa mtaimbo mrefu ili lishuke lenyewe kabla halijachagua wa kumwangukia. Duarani hakuna mshahara wa saa. Mtu hulipwa kwa mgawo wa mawe yaliyotoka, kwa hiyo saa ile ilikuwa hasara kwa kila mmoja wao. Sikumsikia hata mmoja akinung'unika.

Kila yanapozungumzwa maendeleo ya sekta yetu ya madini, masikio yangu hurudi kwa mzee yule. Tunatajiwa wakia za dhahabu, mrabaha, na mchango wa sekta ambao mwaka 2024 ulifikia asilimia 10.1 ya pato la Taifa. Ni mafanikio ya kujivunia, na walioyafanyia kazi wanastahili pongezi. Lakini kwa taaluma yenyewe ya uhandisi wa migodi, naamini kipimo ni kingine. Mhandisi wa migodi ni mtu anayewapeleka wenzake mahali ambapo binadamu hakuumbwa aishi, na anayepaswa kuwarudisha jioni. Uongozi wake unaonekana anapokuwa na ujuzi wa kutambua hatari, ujasiri wa kusimamisha kazi, na mamlaka ya kufanya neno lake litiiwe. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mawili yaliyobaki hayamwokoi mtu.

Nguzo 900 ndani ya jioni moja

Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook nchini Afrika Kusini, dari la mgodi liliporomoka na kuwazika watu 435. Miili yao haikutolewa mpaka leo. Wengi walikuwa wafanyakazi waliotoka Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, na Msumbiji. Enzi zile hata vijana wa Tukuyu na jirani zake walikuwa wakiandikishwa kwenda migodi ya dhahabu ya nchi hiyohiyo, kwa hiyo msiba ule haukuwa mbali nasi kama ramani inavyoonyesha.

Migodi ya namna ile huchimbwa kwa kuacha nguzo. Unatoa makaa, unaacha vipande vikubwa vimesimama vibebe ardhi iliyo juu, kama mwenye nyumba anavyoacha mihimili. Tatizo ni kwamba nguzo nazo ni makaa, na makaa ni fedha. Coalbrook walichimba pia tabaka la juu, dari likapanda, nguzo zikawa ndefu kuliko zilivyokusudiwa huku unene wake ukibaki palepale. Mwishoni mwa Desemba 1959 sehemu moja ikaporomoka. Kazi ikaendelea. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mgodini hakuna anayebaki wa kujenga. Wiki tatu baadaye, jioni ile ya Januari, maporomoko yakaanza tena. Wapo waliokimbilia nje wakarudishwa chini na wasimamizi wao. Kisha nguzo zikaanza kuvunjika, moja ikiibebesha jirani yake mzigo wake, mpaka nguzo zipatazo 900 zikawa zimelala.

Tusikimbilie kusema kwamba elimu ilikuwa haba. Kweli, kabla ya hapo ukubwa wa nguzo ulikadiriwa zaidi kwa uzoefu na mazoea. Baada ya maafa hayo, mtafiti mzaliwa wa Hungaria, Miklós Salamon, pamoja na mwenzake Munro, walikusanya kumbukumbu za maeneo 125 ya migodi ya makaa ya Afrika Kusini: 98 ambako nguzo zilikuwa zimesimama na 27 ambako zilikuwa zimeanguka. Mwaka 1967 wakatoa kanuni ya hesabu inayoonyesha jinsi uimara wa nguzo unavyoongezeka kadiri inavyonenepa na kupungua kadiri inavyorefuka. Wakapendekeza nguzo ziwe na uimara wa takriban mara 1.6 ya mzigo unaozikalia. Kanuni hiyo ilisambaa duniani, na ni miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa uhandisi wa migodi hukutana nayo darasani.

Hayo ni maendeleo makubwa ya taaluma. Lakini wale waliokimbia jioni ile hawakuhitaji kanuni ili kujua kwamba mgodi unakufa. Masikio yao yalikuwa yamekwisha kuwaambia. Walichokosa ni mtu mwenye cheo ambaye angewaamini. Ilichukua miaka 36 mpaka Afrika Kusini ikaandika katika Sheria ya Afya na Usalama Migodini ya mwaka 1996 kwamba mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali anapoona pana hatari. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeiweka haki hiyo katika Mkataba wake namba 176. Naiona haki hiyo kuwa nusu ya pili ya kanuni ya Salamon. Nusu ya kwanza inapima nguvu za nguzo, na hii inampa sauti anayesimama chini ya nguzo.

Siku kiongozi alipoamini kipimo

Miaka 53 baada ya Coalbrook, mlima mwingine ulianza kutembea. Bingham Canyon ni mgodi wa shaba wa wazi ulio karibu na Salt Lake City, Marekani, shimo kubwa kiasi kwamba malori yanayobeba mamia ya tani huonekana chini yake kama punje. Wahandisi walikuwa wameelekeza rada kwenye kuta za shimo hilo, mitambo inayoweza kung'amua ukuta ukisogea kwa milimita chache. Kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa mwaka 2013 vipimo vilionyesha upande mmoja unasogea, na kila siku unaongeza mwendo.

Kwa macho ya kawaida hakuna lililokuwa limetokea. Ukuta ulisimama, shaba ilikuwapo, malori yalikuwa na mafuta, na kila saa ya kusimama ilikuwa na bei. Hata hivyo uongozi wa mgodi ulibadilisha njia za magari, ukahamisha jengo la wageni na kuwatangazia wananchi kwamba poromoko linakuja. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili watu wakaondolewa. Saa tatu na nusu usiku ukuta ukashuka, na baada ya saa moja na nusu ukashuka tena. Udongo na mawe yaliyoporomoka yalikaribia tani milioni 150. Malori na mashine za kuchimbia vilifukiwa, na uzalishaji ukapata pigo kubwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyejeruhiwa.

Napenda kuyaweka matukio haya mawili pamoja, kwa sababu mwamba umefanya lilelile mara zote mbili. Umeonya, kisha umeanguka. Katika tukio la kwanza onyo liliishia kwa wasimamizi waliotazama lengo la uzalishaji. Katika la pili lilipanda kutoka kwenye chombo hadi kwa mhandisi, kutoka kwa mhandisi hadi kwa meneja, na meneja akaweka saini. Rada pekee haikuokoa mtu. Aliyeokoa ni yule aliyekubali kula hasara siku ambayo hakuna jiwe lililokuwa limeanguka bado.

Siku 69 na siku 41

Uongozi huonekana pia pale ambapo kila kitu kimekwisha kuharibika. Tarehe 5 Agosti 2010 mgodi wa San José, karibu na mji wa Copiapó nchini Chile, uliporomoka na kuwafungia wachimbaji 33 kwenye kina cha mita 700 hivi. Walijaribu kupanda kupitia njia ya hewa, wakakuta ngazi iliyotakiwa kuwamo haipo. Chini kulikuwa na chakula cha siku mbili.

Kiongozi wa zamu, Luis Urzúa, alikuwa na ujuzi wa upimaji. Aliwagawia watu kazi, akachora ramani ya njia walizonazo, na chakula kile cha siku mbili kikagawiwa kwa vipimo vidogo kikafika siku 17. Juu, serikali ilimwita mhandisi wa migodi, André Sougarret, kutoka mgodi mkubwa wa shaba wa El Teniente. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanga watu na mitambo iliyomiminika kutoka kila upande. Siku ya 17 mashine ya kuchorongea ikafika walipo, na iliporudi juu ilikuwa na karatasi iliyofungwa kwenye ncha yake kueleza kwamba wote 33 wako hai. Kisha Sougarret akaendesha mipango mitatu ya uchorongaji kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa mtambo wake, ili ukikwama mmoja mingine isingoje. Uliofanikiwa ni wa pili. Tarehe 13 Oktoba, siku ya 69, wote walitolewa. Urzúa alikuwa wa mwisho kupanda.

Sisi tuna hadithi yetu, na ina uchungu wake. Mwezi Oktoba 2015 duara liliporomoka katika machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama. Wengine waliokolewa mapema, lakini wapo waliobaki chini. Siku zilipita, na wengi wakakata tamaa. Katikati ya Novemba, siku ya 41, watu watano walitolewa wakiwa hai, baada ya wachimbaji wenzao kusikia sauti zao. Walikuwa wameishi kwa mizizi, vyura, mende na maji waliyoyakinga. Mwenzao mmoja alifia mle ndani.

Dunia nzima ilitazama ya Chile kwenye televisheni. Ya Nyangarata tuliisoma tukashangaa, tukamshukuru Mungu, tukaendelea na mambo mengine. Mimi naona ilitudai zaidi ya mshangao. Watu wale walikuwa na uvumilivu usio na mfano, na waliowasikia walikuwa na masikio yaleyale ya mzee wa mtaimbo. Kinachopungua katika maduara mengi ni karatasi inayoonyesha njia zinapopita, mtu wa kuisoma, na mtambo wa kuchoronga ulio karibu. Watu hawatafutiki kwa haraka mahali ambapo hakuna aliyechora walipo.

Safari ya wahandisi wetu

Si kwamba tumekaa bure. Mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, Mwafrika alikuwa mbeba koleo. Migodi mikubwa ya dhahabu ilipofunguliwa, Golden Pride ya Nzega mwaka 1998, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ofisi nyingi za juu bado zilikuwa za wageni kutoka Afrika Kusini, Australia na Kanada. Mtanzania msomi alianzia chini, akiwa msaidizi wa mtu aliyekuja na mkataba wa miaka michache.

Marekebisho ya Sheria ya Madini yaliyofanywa mwaka 2017 yaliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, na Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zikazitaka kampuni zionyeshe jinsi nafasi za wageni zitakavyorithiwa na wazawa. Leo wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo cha Madini Dodoma wanasimamia ulipuaji, uingizaji hewa, usanifu wa mashimo na mitambo ya chini ya ardhi. Katika mgodi wa North Mara, Mtanzania, Apolinary Lyambiko, alifika hadi kiti cha meneja mkuu. Mtoto wa shule wa Tarime aliyesikia habari hiyo amepata kitu ambacho kitabu hakiwezi kumpa.

Taaluma yenyewe pia imejengewa uzio. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianza mwaka 1968 na kuundwa upya kwa sheria ya mwaka 1997. Mhitimu hapewi hadhi ya mhandisi mtaalamu siku anapovaa joho. Hupitia mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya mlezi, kisha hupimwa, na wahandisi wetu hula kiapo hadharani. Kiapo kile nakichukulia kwa uzito wote. Daktari huapa kwa ajili ya mgonjwa aliye mbele yake. Mhandisi wa migodi huapa kwa ajili ya mtu asiyemwona, aliye mita 300 chini, ambaye hajui hata jina la aliyekokotoa unene wa nguzo anayoegemea.

Kiapo kishuke duarani

Hapa ndipo ninapotaka wahandisi wetu wanisikilize. Tumekwisha kupanda hadi ofisi ya meneja mkuu. Sasa tushuke. Wachimbaji wetu walio wengi hawako katika migodi yenye rada na vyumba vya kujihifadhi chini ya ardhi. Wako kwenye leseni ndogo, kwenye rashi, yaani machimbo mapya yanayofumuka mahali mvua ilipofunua dhahabu, chini ya matimba yaliyokatwa msituni jana. Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite, ilizika watu makumi katika mafuriko ya mwaka 1998, ikazika 39 waliokosa hewa mwaka 2002, ikazika tena makumi katika mafuriko ya mwaka 2008. Maji na hewa si mafumbo kwa mhandisi wa migodi. Ni masomo anayofundishwa chuoni.

Zipo hatua zilizoanza. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) limesimamia vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita na Itumbi wilayani Chunya, ambako mchimbaji huona namna bora ya kuchenjua dhahabu kuliko kuikamata kwa zebaki kwenye karai. Hayo yanafaa sana, lakini yanagusa jiwe lililokwisha kutoka. Mtu aliyeko chini akilitoa jiwe hilo anahitaji mwalimu wake pia.

Kwanini miezi kadhaa ya ile miaka mitatu ya mafunzo isitumike katika maeneo ya wachimbaji wadogo? Kijana mwenye shahada, akiwa na kamba ya kupimia, dira na kitabu cha kuchorea, anaweza kuchora maduara ya eneo zima ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Angejua lipi limekaribia kutoboka kwa jirani, lipi limepita chini ya njia ya maji, lipi lina mdomo mmoja tu na halina pa kutokea likiziba. Ramani hiyo ikibaki ofisi ya madini ya mkoa, siku ya balaa waokoaji hawataanza kwa kuulizana nani alikuwa wapi. Na kijana huyo angerudi mgodi mkubwa akiwa mhandisi mwingine, kwa sababu amekaa na watu wanaosikiliza mwamba kwa masikio yao wenyewe.

Wenye leseni nao wana la kujibu. Vikundi kumi vinavyochimba mlima mmoja vinaweza kuchanga na kumlipa mhandisi mmoja, kama vinavyochanga kukodi karasha la kusagia mawe. Lakini akishaajiriwa apewe mamlaka. Mhandisi anayeweza kufukuzwa kwa sababu amesimamisha kazi Jumatatu hana tofauti na mtaimbo uliosimamishwa ukutani. Na asimdharau msimamizi wa duara asiyejua kuandika. Elimu ya mmoja inaeleza kwanini mwamba unapasuka, na ya mwenzake inatambua kwamba unapasuka sasa hivi. Mgodi unaozikutanisha elimu hizo mbili kila asubuhi, kabla ya zamu kushuka, utakuwa na wazee wengi.

Miaka kumi ijayo itahitaji wahandisi kuliko iliyopita. Kinywe cha Mahenge, nikeli ya Kabanga na madini adimu ya Ngualla vitafungua mashimo mapya, na vijana wetu watakuwa na vyeo ambavyo baba zao hawakuvifikiria. Nawaombea wavipate vyote. Ila kila mmoja, siku atakapowekewa mbele yake lengo la uzalishaji upande mmoja na taarifa ya ufa upande wa pili, akumbuke kwamba cheo chake hakiujui mwamba, na mwamba haukijui cheo chake.

Lile jiwe la Geita lilishuka mwishowe. Lilikuwa na ukubwa wa mlango wa nyumba, na lilipotua chini taa zetu zote zilizama katika vumbi. Vijana wakataka kuingia. Mzee akawazuia kwa mkono, akangoja vumbi litulie, akasogea yeye kwanza hadi palepale lilipobanduka, akainua mtaimbo na kugonga. Mwamba ukalia kama kengele. Akageuka, akawaashiria waingie.